Chuo Kimetia Saini, Nani Anapanda Ndege?

Kahawa ya alasiri hapa Mji wa Kale wa Mombasa hunywewa barazani, na siku hizi simu huzunguka sambamba na vikombe. Juma lililopita ilizunguka picha moja. Watu wanane wamesimama mbele ya pazia. Wawili wa katikati, mmoja wetu na mmoja mgeni, wameshika mafaili ya buluu na kupeana mikono, nyuso zimeelekea kamera. Chini ya picha pameandikwa kwamba Baraza la chuo kikuu cha umma limeidhinisha ushirikiano na vyuo vya ng'ambo, pamoja na mpango wa kubadilishana wanafunzi na wahadhiri.

Kikombe changu hakijapoa nikawa nishasikia tafsiri tatu. Mzee mmoja alisema chuo kimeuzwa. Kijana wa bodaboda akasema hizo ni nafasi za watoto wa wakubwa, zimegawanywa kabla picha haijapigwa. Wa tatu, ana duka la simu karibu na Marikiti, alikuwa na hakika kwamba kuanzia Septemba digrii za Uturuki zitatolewa papa hapa mtaani Tudor. Mama anayetuuzia viazi karai, ambaye bintiye yuko mwaka wa tatu wa uhandisi, hakuleta tafsiri. Aliuliza tu: "Basi mwanangu aondoka lini?"

Nilimjibu kwamba saini ile haimpeleki bintiye popote, ingawa si karatasi ya bure pia. Hakuridhika, na ana haki yake. Jibu kamili lilikuwa refu kuliko kikombe kimoja cha kahawa.

Baraza lipi hili

Tuanze na jina. Kwetu baraza ni pale tulipokuwa tumekaa: kiti cha mawe nje ya mlango, apitaye ana ruhusa ya kuketi na kusema lake. Baraza la chuo kikuu halikaribishi wapita njia. Kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, chuo kikuu cha umma kina Baraza la watu tisa: mwenyekiti, makatibu wa wizara mbili, ya elimu ya vyuo vikuu na ya fedha, watu watano wanaotafutwa kwa njia ya wazi, na Naibu Chansela anayeketi kwa wadhifa wake. Waziri ndiye anayeteua. Katika hao tisa hamna kiti cha mwanafunzi, wala cha mzazi.

Hawafundishi na hawasahihishi mitihani. Wanaajiri, wanapitisha bajeti, wanapitisha sera na kanuni za chuo. Ukitaka mfano wa nyumbani, mfikirie mutawali, yaani msimamizi, wa wakf. Zipo nyumba mjini humu ambazo wenyewe waliziweka wakf zamani, kodi yake itengeneze msikiti au ilishe mayatima. Mutawali si mwenye nyumba na hawezi kuiuza. Lakini akija mtu kutaka kukodi duka la chini, mutawali ndiye anayekaa na kupima: mkataba huu utaidhuru wakf? Kodi yatosha? Huyu mpangaji akihama atatuachia deni gani? Akikosea ataulizwa, ndiyo maana kuna Tume ya Wakf, na makao yake yako hapa hapa Mombasa.

Baraza la chuo ni mutawali wa mali ya umma: majengo, ardhi, fedha, na kitu kimoja kisichoshikika, yaani jina la chuo. Kwa hiyo idhini yake ni idhini ya mlinzi. Anasema, "Sioni dhara, endeleeni." Hajasema, "Mimi nitawapeleka."

Kando ya Baraza kuna Seneti, hao ndio maulamaa wa chuo: maprofesa na wakuu wa vitivo, wenye kauli juu ya masomo, mitihani na nani anastahili shahada. Halafu kuna uendeshaji wa kila siku, ulio chini ya Naibu Chansela. Jina hilo limewapotosha wengi. Mtu husikia "naibu" akadhani kuna mkubwa wake amejifungia chumba cha pili anafanya kazi yenyewe. Naibu Chansela ndiye mtendaji mkuu wa chuo. Chansela utamwona zaidi siku ya mahafali, na joho lake, akitunuku shahada. Zamani Rais wa nchi ndiye aliyekuwa Chansela wa kila chuo kikuu cha umma. Desturi hiyo iliachwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, Rais Mwai Kibaki alipoanza kuteua watu wengine. Basi ule mkono ulioshika faili la buluu pichani aghalabu ni wa Naibu Chansela, kwa ruhusa ya Baraza.

Na jambo lenyewe halikuanzia hapo kwenye pazia. Mara nyingi huanza idarani: mhadhiri amekutana na mwenzake kwenye kongamano, wakapeana anwani, wakaandikiana. Wazo likapanda kwa mkuu wa kitivo, likaenda ofisi ya ushirikiano, likapita kwa mwanasheria wa chuo, likaingia Seneti ikiwa linagusa masomo, ndipo likafika juu. Vyuo havifanani katika hili. Kuna ambako Baraza hupitisha sera na kuwaachia wasimamizi hati ndogo ndogo, na kuna ambako kila hati hupelekwa mezani kwao. Vyovyote vile, picha ikifika kwenye simu yako, jambo limeshapita mikono mingi.

Wanaoshangaa kwamba chuo cha Mombasa kinashirikiana na wageni nawakumbusha chuo cha Tudor kilivyozaliwa. Kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, wazee wetu hadi leo wanaiita MIOME, wazo lake likiwa la mwishoni mwa miaka ya 1940. Michango ilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, kwa Aga Khan, kwa jamii ya Mabohora na kwa serikali ya kikoloni. Mwaka 1966 kikageuka taasisi ya ufundi, 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, 2007 kikawekwa chini ya chuo kikuu cha JKUAT kama chuo kishiriki, na 2013 kikapata hati ya kusimama peke yake kama Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM. Yaani mikono ya watu wa mbali imo tangu kwenye msingi.

Posa na nikahi

Ndani ya mafaili ya buluu huweza kuwemo karatasi za aina mbili, na sisi zote twaziita mkataba.

Ya kwanza ni hati ya maelewano. Hiyo ni barua ya posa. Inasema nyumba hii inaitaka nyumba ile, nia ni njema, tutazungumza. Utasoma kwamba pande mbili "zitajitahidi" kubadilishana wanafunzi, kufanya utafiti pamoja na kuandaa makongamano. Huwekewa muda, mara nyingi miaka mitano, na karibu kila mara kuna kifungu kinachosema hakuna upande uliojifunga kutoa fedha. Kwa kawaida haimfungi mtu kisheria. Ni kurasa chache, na ukibadilisha majina ya vyuo huenda usione tofauti kati ya moja na nyingine.

Ya pili ni mkataba wa utekelezaji, na humo ndimo mahari hutajwa. Wanafunzi wangapi? Wa kitivo gani, muhula upi? Nani analipa karo, nani anatoa chumba, nani bima? Nani anapigiwa simu mwanafunzi akiugua saa nane za usiku? Hapo ndipo panapotoka jasho. Na Baraza, tukiendelea na mfano huu, ni walii wa bi harusi. Bila ridhaa yake ndoa haisihi, lakini walii hapiki, hafui, wala halali katika nyumba ya maarusi.

Basi habari nyingi zinazosema chuo fulani kimesaini mkataba wa kuwapeleka wanafunzi ng'ambo zimesoma posa zikatangaza harusi. Vyuo navyo havisaidii. Taarifa kwa umma hujaa "hatua ya kihistoria" na "milango imefunguliwa", ukitafuta idadi ya wanafunzi huioni. Mimi nikipata taarifa ya namna hiyo natafuta tarakimu kwanza. Zikikosekana, naendelea na kahawa yangu.

Kubadilishana, na pishi za watu

Neno "kubadilishana" lina maana yake halisi hapa. Mwanafunzi wetu anabaki mwanafunzi wetu. Karo analipa huku, anakwenda kusoma kule muhula mmoja au miwili, kisha anarudi kumaliza. Chuo cha kule hakimtozi karo yake kwa sababu nacho kinamleta wake huku kwa sharti lile lile. Nafuu yenyewe iko hapo, na si ndogo, ukizingatia karo ambayo mgeni hutozwa katika vyuo vya Uingereza au Marekani.

Ila karo si nauli. Haikununui tiketi, haikukatii viza, haikulipii chumba wala bima wala koti la baridi. Hayo yanahitaji mfuko mwingine. Mfano unaojulikana zaidi ni Erasmus, mpango wa Ulaya ulioanza 1987 kwa ajili ya wanafunzi wa huko huko. Tangu ulipopanuliwa na kuitwa Erasmus+ mwaka 2014, chuo cha nje ya Ulaya kinaweza kuingia kwa kushirikiana na cha Ulaya, na mwanafunzi aliyechaguliwa hupewa posho ya mwezi na fedha za safari. Pasipokuwa na mfuko kama huo, anayelipa ni mzazi. Yule kijana wa bodaboda hakukosea kabisa, basi. Si lazima nafasi ziwe zimegawanywa gizani. Hutokea zikatangazwa kweupe, wakaomba wale tu wenye uwezo wa kununua tiketi. Chuo kinachotaka mtoto wa muuza viazi naye aende hutafuta nauli kabla ya kutafuta mpiga picha.

Halafu kuna suala la vipimo, ambalo ndilo huwaumiza wanafunzi zaidi na ndilo halizungumzwi. Wazee walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja. Ukienda leo soko la Kongowea na pishi yako, utamkuta mwenzio na mizani ya kilo. Mchele ni ule ule, lakini lazima mkubaliane pishi moja ni kilo ngapi kabla pesa hazijatoka. Vyuo vya Ulaya hupima masomo kwa krediti: mwaka mzima ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yote ya mwanafunzi, pamoja na kujisomea usiku chumbani kwake. Kwetu hesabu huegemea zaidi saa za darasani na maabara. Sasa binti wa uhandisi akisoma joto na mitambo kule kwa krediti 5, je, hilo ni somo letu zima, nusu yake, au ni somo na kitu juu?

Jibu lake huandikwa kabla ya safari, kwenye karatasi isiyopigwa picha na mtu: makubaliano ya masomo. Ina saini tatu, ya mwanafunzi, ya chuo chake na ya chuo kinachompokea, na inataja somo kwa somo, hili la kule litahesabiwa badala ya lile la huku. Namjua kijana mmoja, chuo chake sikitaji, aliyekwenda kwa ahadi ya mdomo. Mkuu wa idara aliyempa ahadi akahamishwa. Aliyekuja baada yake hakuwa na habari wala faili. Kijana alikuwa na matokeo mazuri ya muhula mzima, na akarudia masomo manne. Alipata koti zuri na mwaka wa ziada.

Kalenda nayo ni mtihani. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma wa 2025 ulichukua siku 49. Muhula ukiteleza huku, kule hawangoji. Mwanafunzi anaweza kuhitajika darasani ng'ambo wakati kwao bado hajafanya mitihani.

Ndiyo maana huwa nauliza kwa nini macho yetu yanaruka moja kwa moja hadi Ulaya. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki liko Kampala, na mwaka 2017 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo hili kuwa uwanja mmoja wa elimu ya juu, ili masomo na vyeti vitambulike kuvuka mipaka. Ukipanda basi asubuhi hapa ukavuka mpaka wa Lunga Lunga, Dar es Salaam unafika siku hiyo hiyo. Lugha ni yako, chakula ni chako, na hakuna koti la kununua. Mafaili ya buluu ya Tanga na Dar siyaoni mara nyingi kwenye simu za barazani.

Cheti kitaandikwa jina la nani

Rafiki yangu wa duka la simu na digrii zake za Uturuki alichanganya mambo matatu. Aliyekwenda kwa kubadilishana hurudi kutunukiwa na chuo chake, cheti chake ni kile kile cha wenzake; masomo ya kule huonekana tu kwenye orodha ya matokeo. Programu ya shahada mbili ni kitu kingine: mwanafunzi anatimiza masharti ya vyuo viwili na kupata vyeti viwili. Shahada ya pamoja ni cheti kimoja chenye majina mawili.

Hizo mbili za mwisho Baraza haliwezi kuzianzisha kwa saini na makofi. Programu ya digrii nchini lazima ipite kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, na Tume hiyo hiyo ndiyo huzitambua digrii zilizotolewa nje. Na hata ukiwa nayo, kuna taaluma zenye mlango mwingine mbele: huwezi kujiita mhandisi Kenya kwa cheti peke yake, mpaka Bodi ya Wahandisi ikusajili. Watu waliosoma Tudor kati ya 2007 na 2013 wanalielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Walikaa madarasa ya Mombasa, wakala mahamri ya Mombasa, na digrii zao zikawa za JKUAT.

Wameuza chuo?

Sasa yule mzee. Tulimcheka, lakini katika wote yeye ndiye aliyekaribia jambo zito.

Hati ya maelewano haiuzi majengo wala ardhi. Haitoi hisa, kwa sababu chuo kikuu cha umma hakina hisa za kuuza. Hapo mzee amekosea. Lakini kuna mali ambayo hutoka bila lori kuonekana getini: data, sampuli na haki ya uvumbuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa kigeni walichota vijidudu kutoka Ziwa Bogoria, kule Bonde la Ufa, maji yake ya moto na magadi. Kutokana navyo kikapatikana kimeng'enya kilichoingia viwandani, pamoja na kazi ya kupausha nguo za jinzi zionekane zimevaliwa. Zaidi ya miaka kumi baadaye Shirika la Wanyamapori, KWS, lililalamika kwamba biashara hiyo haikuombewa ruhusa na Kenya haikupata fungu lake. Wangapi kati yetu wamevaa jinzi hizo wasijue zimepitia Baringo?

Baada ya visa kama hivyo dunia iliandika Itifaki ya Nagoya, 2010, iliyoanza kutumika 2014, na Kenya imo. Inataka anayechukua maliasili ya viumbe aombe ridhaa na mapato yagawanywe. Nyumbani, mtafiti anahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi na teknolojia, kabla ya kuanza kazi. Hivyo Baraza likiletewa mkataba wa utafiti wa matope ya mikoko au sponji za baharini, kurasa za salamu wangeweza kuziruka. Kifungu cha kusoma mara mbili ni kile kinachosema sampuli zinakaa wapi, nani anaandika jina lake kwanza kwenye makala, na dawa ikigunduliwa hati miliki ni ya nani. Huko ndiko mutawali anaonekana ni mutawali au ni mgeni wa heshima.

Na upande wa pili pia tuutazame, tusije tukaogopa kila mgeni mwenye buti. Pale Gazi, Kwale, watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari yenye makao hapa Mombasa, walifanya kazi ya mikoko miaka mingi pamoja na wenzao wa vyuo vya ng'ambo, kikiwemo Edinburgh Napier cha Uskoti. Walipima mikoko inavyohifadhi kaboni mtini na kwenye tope. Kutokana na vipimo hivyo ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, hekta 117 zinazotunzwa na wanakijiji wenyewe, na mauzo ya kaboni yamelipia maji na mahitaji ya shule kijijini. Ilianza kama karatasi za kisomi. Tofauti na Bogoria ni kwamba pale Gazi wenye pwani walikuwa mezani.

Wanakuja kusoma nini?

Mizani ya kubadilishana ina pande mbili, na upande wetu ndio huelea. Tukipeleka watano bila kupokea hata mmoja, baada ya miaka miwili chuo cha kule kitauliza. Wengi wa barazani hawakulifikiria hili: walidhani wageni wakija watakula nafasi za watoto wetu. Ukweli ni kwamba asipokuja mtoto wao, mtoto wako haendi.

Basi tuna nini cha kumleta mtu kutoka Bayreuth kule Ujerumani, London au Paris? Huko kote Kiswahili kinafundishwa chuo kikuu, na mwanafunzi wake lazima siku moja aende kukisikia kwa wenyewe. Zanzibar wamelitambua hilo zamani. Chuo kikuu chao cha taifa, SUZA, hupokea wageni wa Kiswahili mwaka baada ya mwaka. Sisi tuna mji wa mshairi Muyaka bin Haji, tuna Kimvita, lahaja ya Mombasa, ambacho mgeni hakipati kwenye kitabu cha darasani, tuna Ngome ya Yesu iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2011, tuna bandari ya Kilindini kwa wa mitambo na usafirishaji. Kinachokosekana mara nyingi ni mambo madogo: chumba safi cha kulala, mtu wa kumpokea, kalenda isiyoyumba, ofisi inayojibu barua pepe. Mgeni mmoja alinieleza, kwa Kiswahili kizuri tu, kwamba alingoja barua ya kukubaliwa miezi minne akaghairi, akaenda kwingine. Nafasi yake ilipotea, na nafasi ya mtoto wa mtu wa hapa ikapotea pamoja nayo.

Wahadhiri wanaotumwa nje hawana fumbo kubwa. Wengi huenda majuma machache kufundisha au kutafiti. Wanaoenda kusoma shahada ya uzamifu kwa kawaida hutia saini ya kurudi kutumikia chuo kwa miaka kadhaa. Wako wasiorudi, ndiyo, na wako wanaorudi wakakuta mashine waliyojifunza kuitumia haijanunuliwa.

Madalali

Siku mbili baada ya picha ile, mpwa wangu alipokea ujumbe: amechaguliwa kwenye "programu ya kubadilishana", atume shilingi 3,500 za usajili kabla ya saa kumi. Jina la chuo lilikuwa sahihi, nembo sahihi, Kiingereza chenye majivuno. Namba ya kupokea pesa ilikuwa ya mtu binafsi. Alinipigia akiwa tayari amefungua M-Pesa, kidole kiko kwenye tarakimu. Nikamwuliza swali moja tu, uliomba lini? Kimya. Hakuwa ameomba. Hakuna chuo kinachomchagua mtu ambaye hakuomba, na ofisi ya chuo hailipwi kwa simu ya mtu.

Mwenye kutaka habari ya kweli asikae kungoja taarifa nyingine yenye picha. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la maandishi ndani ya siku 21. Chuo kikuu cha umma ni ofisi ya umma. Uliza hati ilisainiwa lini na muda wake unaisha lini. Uliza kama kuna mkataba wa utekelezaji na unataja nafasi ngapi. Uliza nauli ni ya nani. Ukizungushwa, kuna Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman, inayopokea malalamiko ya namna hiyo.

Nilimwandikia mama maswali hayo nyuma ya risiti ya unga. Bintiye alikwenda nayo ofisini Jumanne, akarudi na majibu kwenye daftari. Mafaili yalikuwa manne. Mawili ni posa zilizokwisha muda na hakuna aliyezihuisha. La tatu ni la wahadhiri tu. La nne lina nafasi mbili za uhandisi, muhula mmoja, karo imesamehewa, posho ndogo ya mwezi ipo, nauli haipo. Mwisho wa kuomba ni majuma matatu, na pamoja na fomu wataka nakala ya paspoti.

Mama alisikiliza yote akiwa ameinamia karai, akigeuza viazi kimoja kimoja. Alipomaliza akafuta mikono kwenye leso, akanitazama.

"Na hiyo paspoti," akasema, "yachukua siku ngapi?"